Hodi ya Nne

Kasuku wa Bwana Kitundu alikuwa amejifunza kulia kama mtu anayechinjwa, na kilio hicho ndicho kilichomleta mwenye kasuku kwenye dirisha la Ofisi ya Kengele saa tatu asubuhi, kofia mkononi, uso umemsinyaa.

"Bi Siwema, nakuomba. Ndege hana akili."

"Najua hana," alijibu Siwema bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Ndiyo maana sheria haikumtaja yeye. Imekutaja wewe."

"Lakini ni mara ya tatu tu!"

"Ya kwanza Rajabu, ya pili Shaabani, na hii ya leo. Tatu ndiyo tatu, Bwana Kitundu."

Akachukua mhuri wake, akaupulizia, akaugandamiza kwenye karatasi. UONGO. Herufi zilikuwa nyekundu na hazikuegemea upande wowote, kwa sababu mkono wa Siwema haukuwa na haraka.

"Mlinzi wa duka lako amefungwa siku sitini. Akilia, hatuji."

"Na wezi wakija?"

"Tia kufuli. Watu wameishi na makufuli miaka na miaka."

"Na huyo ndege mpeleke kwaya, kaka," alidakia Petro Ntandu kutoka kwenye meza ya pili, akifunga kamba za viatu. "Sauti anayo, mafundisho ndiyo hana."

Kitundu aliondoka akinung'unika kwamba kuna watu wamezaliwa bila huruma. Siwema alimsikia. Aliifunga karatasi, akaiweka kwenye faili lake.

Katika mji wa Alizetini kila jengo lilikuwa na mlinzi ndani ya kuta. Hakuwa mtu. Alikuwa utepe mwembamba, upana wa kidole, uliolazwa chini ya lipu kuanzia sebuleni hadi jikoni, na kazi yake ilikuwa kuhesabu pumzi za waliomo na kusikiliza vilio. Macho hakuwa nayo. Halmashauri ilipotaka kumtia macho, wanawake wa mji walisema hawavui nguo mbele ya ukuta unaotazama, jambo likaishia hapo. Wala hakuruhusiwa kupeleka nje maneno ya watu. Kwa hiyo mlinzi aliweza kusema jambo moja tu: humu ndani mtu hayuko sawa. Kwa nini hayuko sawa, yeye mwenyewe hakujua. Ilibidi aende mtu kutazama, na mtu huyo aliitwa mhakiki.

Mlio ulisikika na nukta nyekundu ikawaka kwenye meza ya ramani, upande wa soko. Ntandu aliinuka, akavaa kofia ya uhakiki. Ilikuwa kofia ngumu inayofunika uso mpaka kidevuni, na chini yake palikuwa na kipaza sauti kilichogeuza sauti zote kuwa moja. Yeyote aliyeivaa, akifungua kinywa, alisikika kama mwanaume wa makamo, mtulivu, mwenye kifua. Halmashauri iliichagua sauti hiyo zamani, baada ya watu kuanza kuwabembeleza wahakiki kwa majina: "Petro, si wewe huyo? Usiandike, bwana." Sauti moja haina jina la kubembelezwa.

"Nakwenda, mama," alisema Ntandu, sasa kwa sauti ile ya kifua. "Unajua ukiivaa wewe unakuwa kama baba mkwe wangu? Siku ile nilikaribia kupiga goti."

"Nenda, Petro. Mtu anakusubiri huko."

"Popo ndiye ananisubiri. Weka dau."

"Mimi siweki dau."

Alipotoka, Siwema alibaki peke yake na meza ya ramani. Ndipo aliposhika kalamu ya risasi na daftari dogo la shule alilolificha chini ya daftari kubwa, akakaa kuitazama nukta moja ya kijivu, upande wa mtaa wa Kinuni, nyumba namba mia mbili kumi na mbili.

Nukta ya kijivu ni nyumba iliyofungwa mlinzi. Hiyo Siwema aliifunga kwa mkono wake mwenyewe, siku ishirini na mbili zilizopita. Na ilikuwa ikimetameta kila siku.

*

Sheria ilikuwa fupi, na Siwema aliijua yote kwa moyo, maana nusu ya maneno yake yalitoka kinywani mwake.

Mlinzi akilia, mhakiki anakwenda kwa pikipiki. Anasimama mlangoni anapiga hodi mara tatu, na kati ya hodi na hodi anahesabu hadi ishirini. Akiitikiwa, anauliza kuna nini. Akiona moshi, au damu, au mlango uliovunjwa, anaita gari la uokoaji. Asipoitikiwa na asipoona kitu, anaondoka na kuandika uongo. Haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Hapo wazee wa mji walikuwa wakali kuliko wanasheria. Uongo mara tatu katika mwaka mmoja, mlinzi anafungwa siku sitini, utepe wa njano unabandikwa mlangoni. Nukta ya kijivu ikimetameta haijibiwi. Mhakiki akiijibu, anarudisha mhuri na haupati tena.

Watu waliiita Sheria ya Hodi Tatu. Wengine, wakitaka kumchokoza, waliiita Sheria ya Bi Siwema.

Kabla yake, walinzi wa Alizetini walikuwa wakilia mara arobaini kwa siku. Paka, popo, upepo wa mwezi wa nane unaotikisa madirisha. Mji ulikuwa na magari mawili tu ya uokoaji, na moja aliliendesha Hatibu, mume wa Siwema. Alikufa saa nne asubuhi akiikimbilia kengele ya ghala la mafuta ya alizeti. Gari lilipinduka kwenye kona ya mawe. Wenzake walipofika ghalani walimkuta mbuzi, kichwa kimemkwama ndani ya ndoo, anajigonga ukutani na kulia.

Siwema alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, hakutoka. Siku ya saba baada ya kumaliza alikwenda kwenye mkutano wa kata, akasimama. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba na hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alisema: "Mume wangu ameuawa na mbuzi na ndoo. Sitaki mwanamke mwingine aje aambiwe hivyo." Akakaa. Sheria ikapita kabla mwaka haujaisha, na yeye akawa mhakiki wa kwanza mwanamke. Miaka tisa sasa, hakuna dereva aliyekufa njiani.

Kwa hiyo alipoitazama ile nukta hakuitazama kama mtu anayetafuta sababu ya kuivunja sheria. Aliitazama kwa sababu ilikuwa tabia yake kutazama.

Ntandu alirudi saa tano, vumbi mabegani. "Popo," alisema. "Wawili, wanagombana." Akamwona na lile daftari. "Bado tu na Kinuni, mama?"

"Inametameta."

"Si kengele ya msiba hiyo? Mlinzi anamtafuta marehemu."

Hilo lilijulikana mji mzima. Mlinzi aliyezoea kuhesabu pumzi tatu ndani ya nyumba kwa miaka, moja ikiondoka, hulia. Hana habari za kifo. Anajua hesabu haijatimia. Kwa kawaida huzoea kufikia siku ya arobaini. Nyumba ile ya Kinuni ilikuwa ya Mwasiti, mjane kijana, aliyefiwa na mumewe Swedi miezi mitatu kasoro. Alibaki na mama yake mzazi, bibi kizee ambaye masikio yake hayasikii. Ntandu alikwenda mara mbili mlinzi alipolia, akapiga hodi, kimya. Mara ya tatu akaenda Siwema. Alikumbuka vizuri: madirisha yamefungwa, hakuna moshi, hakuna damu, mlango mzima. Hodi tatu, kimya. Akaandika, akabandika utepe.

"Petro, huyo Swedi alikuwa akifanya kazi wapi?"

"Kinu cha mafuta. Zamu ya mchana. Alikuwa anatoka alfajiri, anarudi baada ya isha. Mjomba wangu alikuwa naye."

Siwema akamgeuzia daftari. Palikuwa na siku kumi na nne, kila siku mstari wake, kwa mwandiko mkubwa wa shule. Nukta ilianza kumetameta baada ya alasiri, ikakoma karibu na magharibi. Kila siku. Alhamisi ilizidi, ikafika mpaka isha.

"Kengele ya msiba hulia usiku," alisema. "Kitanda kinapokosa mtu. Sasa niambie, mlinzi atamtafutaje Swedi saa kumi, na saa kumi Swedi hajawahi kuwa nyumbani hata siku moja?"

Ntandu alikuna kidevu. Hakufanya mzaha. "Labda ni jambo jingine," alisema.

"Labda."

"Lakini ni ya kijivu, mama."

"Nimeona ni ya kijivu. Mimi ndiye niliyeipaka."

*

Bwana Mkumbo, Afisa Kengele wa Kata, alikuwa mtu mwema mwenye meza safi. Alimkaribisha Siwema kiti, akalisoma daftari lote mpaka mstari wa mwisho, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Mama Siwema, asubuhi hii umemwambia nini Kitundu?"

"Tatu ndiyo tatu."

"Kitundu ameshapita hapa kunilalamikia. Nikamwambia Bi Siwema hana upendeleo. Sasa mchana huu nimwambie nini?"

"Kasuku wa Kitundu tunamjua. Hii hatujui ni nini."

"Ndiyo maana ya sheria. Tungekuwa tunajua, tusingehitaji sheria." Alisema bila ukali. "Zipo nukta za kijivu sitini na tatu mjini. Zote zinametameta wakati fulani. Ukiijibu hii kwa sababu imekuingia moyoni, kesho Petro atajibu ya shangazi yake. Keshokutwa tunarudi kengele arobaini kwa siku. Siku zake zimebaki thelathini na nane. Zikiisha, akilia tena, tutakwenda wa kwanza."

"Na kama mtu hana siku thelathini na nane?"

Mkumbo aliegemea kiti. "Na kama gari likipinduka kwenye kona ya mawe tukikimbilia kitu kisichokuwepo? Utamwambia nini mke wa dereva? Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza swali hilo, mama."

Siwema alitoka. Alikwenda kutawadha kwenye bomba la nyuma, akaswali adhuhuri katika chumba cha kuhifadhia kofia, kati ya rafu. Baada ya kutoa salamu alikaa palepale kwenye mkeka. Hakumwomba Mungu amwonyeshe njia. Njia zote mbili aliziona vizuri, na hilo ndilo lililomsumbua. Moja ilikuwa na Hatibu mwishoni mwake. Nyingine ilikuwa na mlango uliofungwa ambao yeye aliusimamia dakika moja na sekunde chache, akaondoka.

Saa tisa na nusu alichukua kofia. Alitoa mhuri mfukoni akauweka ndani ya droo ya Ntandu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kinuni."

"Kuna kengele Kinuni?"

"Ipo. Ya kijivu."

Ntandu alitazama mlango wa Mkumbo, akashusha sauti. "Sijasikia ulichosema."

"Umesikia. Kaa mezani usitoke. Nikikuita, itika."

*

Mtaa wa Kinuni una nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa zikitazama kinu, na nyuma ya kila nyumba kuna chumba kidogo cha jiko-umeme. Humo huchomwa maganda ya alizeti, na moto wake ndio unaopika na kuwasha taa. Bomba la moshi hupita ukutani kwenda juu. Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma na vumbi, milango yote imefungwa.

Utepe wa njano ulikuwa bado mlangoni, pembe moja imebanduka. Aliubandika yeye. Aliegesha pikipiki, akavaa kofia kama sheria inavyotaka, akasimama.

"Hodi!" Sauti ya kifua, ya mwanaume wa makamo, ikagonga mlango.

Alihesabu hadi ishirini.

"Hodi!"

Ishirini tena. Alitazama juu ya paa. Bomba halikutoa moshi. La nyumba ya jirani lilitoa, wa kijivu, ukichukuliwa na upepo.

"Hodi!"

Kumi na moja, kumi na mbili. Ndipo aliposikia kikohozi. Kimoja, cha kike, karibu sana na mlango, kilichokatwa nusu, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

Siwema aliacha kuhesabu. Alikikumbuka kile kiganja. Kilikuwa chake, miaka tisa nyuma, siku mtu wa maji alipokuja kusoma mita na yeye amesimama nyuma ya mlango ndani ya shuka nyeupe, hathubutu hata kupumua. Shangazi yake alikuwa amemwambia: mpaka eda iishe, sauti yako isisikike na mwanaume wa nje. Mtu wa maji alipiga hodi tatu akaenda zake. Wala hakufanya kosa, wala yeye hakufanya kosa.

Na hapa mlangoni, mara tatu, aliyepiga hodi alikuwa mwanaume. Hata siku ile alipokuja Siwema, aliyepiga hodi alikuwa mwanaume.

Hodi tatu zilikuwa zimekwisha. Alifungua kamba ya kidevu, akaivua kofia, akaiweka chini kwenye vumbi. Upepo ulimpiga usoni.

"Hodi, mwanangu," alisema kwa sauti yake. "Ni mwanamke. Ile sauti ni ya kofia. Niko peke yangu."

Kisha sauti nyembamba: "Karibu. Karibu, mama. Mlango haujafungwa."

Haukuwa umefungwa. Aliusukuma tu. Joto lilimpokea, na harufu hafifu ya maganda yaliyoungua nusunusu. Mwasiti alikuwa ameegemea ukuta, mweupe wa shuka toka kichwani hadi miguuni, macho yamemwingia ndani. Kwenye mkeka, mama yake alikuwa amelala chali, mashavu mekundu kama aliyeshinda juani.

"Amelala tangu lini?"

"Tangu adhuhuri. Siku hizi analala sana. Nikimwamsha ananiita jina la dada yangu."

"Na wewe kichwa?"

Mwasiti alishangaa. "Umejuaje? Kinaniuma tangu wiki chache baada ya maziko. Nikila natapika. Miguu haina nguvu. Majirani wamesema ni huzuni, itapita." Akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi nilidhani ni huzuni, mama. Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

"Inavyokuwa naijua," alisema Siwema, tayari yuko dirishani anavuta komeo. "Hii siyo. Bomba la jiko nani analisafisha?"

"Swedi. Alikuwa analisugua kila Ijumaa."

"Na tangu afariki?"

Mwasiti akatazama upande wa jikoni, ambako moto wa jioni ulikuwa umeshawashwa, kama kila siku, saa ile ile. Alhamisi aliuacha uwake muda mrefu zaidi, kwa sababu ya kupika chakula cha kisomo.

"Shika upande huo wa mkeka," alisema Siwema. "Tumtoe nje."

"Mama, mimi nimo edani. Sitoki."

"Leo unatoka. Hii ni dharura, na Mungu anaijua kabla yako. Jifunike uso, vuta."

Walivuta. Bibi kizee alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana, lakini Mwasiti alianguka mara mbili kabla hawajafika kizingitini. Walimlaza upande wa ukuta usiopigwa na upepo, na Siwema akamweka kichwa mapajani. Pumzi ilikuwepo, fupifupi. Akabonyeza redio ya begani.

"Petro. Gari, Kinuni mia mbili kumi na mbili. Bomba la jiko limeziba, wamevuta hewa ya sumu. Watu wawili."

"Meza inakataa, mama. Nyumba imefungwa. Inaniomba jina la mhakiki na sababu."

"Andika Siwema Njiku."

"Sababu?"

"Nimeona."

Alisikia vidole vya Ntandu vikigonga, halafu mlio wa meza kukubali.

"Linakuja, mama."

"Petro. Waambie kwenye kona ya mawe wapunguze mwendo. Nitasubiri."

*

Siku ya nne aliitwa ofisini. Mkumbo alikuwa amefunga mlango, na juu ya meza safi palikuwa na karatasi moja tu.

"Yule bibi anaendeleaje?"

"Amefumbua macho. Anakula uji. Majina yamempotea, daktari hajui kama yatarudi."

"Tumshukuru Mungu." Akaisogeza karatasi. "Mama, sikiliza. Kifungu cha kumi na mbili kinasema mtu wa ndani akitoka akamwita mhakiki anayepita, mhakiki hajavunja kitu. Tuandike Mwasiti alitoka nje akakuita. Ni mstari mmoja. Mhuri unabaki wako."

"Hakutoka. Yumo edani."

"Najua hakutoka. Nani atauliza?"

Siwema aliitazama ile karatasi. Hakuwa mtu wa kudharau kitu kama hicho. Mhuri ule ndio uliompa chakula na heshima miaka tisa. Lakini mstari ule ukiandikwa, sheria inabaki safi, kofia zinabaki kwenye rafu na sauti yao moja, na kesho mhakiki mwingine anasimama mbele ya mlango mwingine.

"Niletee rejesta ya Kinuni," alisema.

Mkumbo akaileta. Siwema alifungua ukurasa. Uongo, P. Ntandu. Uongo, P. Ntandu. Uongo, S. Njiku. Akachukua rula ya Mkumbo, akapiga mstari ulionyooka juu ya lile neno la tatu, na juu yake akaandika kwa herufi zake kubwa: KWELI. MHAKIKI HAKUJULIKANA NI MWANAMKE.

"Unajua hiyo inamaanisha nini?" aliuliza Mkumbo.

"Inamaanisha kila uongo tulioandika kwa sababu ya kimya tu unasomwa upya."

"Zipo zaidi ya elfu moja na mia tatu."

"Basi tuanze mapema."

"Tuanze? Wewe umerudisha mhuri, mama. Sheria hiyo hiyo yako."

"Kusoma hakuhitaji mhuri," alisema Siwema, akainuka. "Wa Kitundu mwacheni amefungwa. Yule ni kasuku."

*

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda Kinuni kwa miguu. Alipiga hodi moja na akakaribishwa kabla ya pili.

Madirisha yalikuwa wazi, mapazia yamefungwa mafundo ili upepo usiyachukue. Jiko lilikuwa baridi. Majirani walileta chakula. Mwasiti alimtilia chai. Waliongea habari za mgonjwa, za siku zilizobaki za eda, za vumbi. Kisha Mwasiti akaweka birika chini.

"Mama, nikuulize. Yule mhakiki wa ofisini kwenu alikuja mara tatu kabla ya siku ile. Mara mbili za kwanza alikuwa na haraka. Ya tatu alihesabu taratibu, namsikia, akasimama kidogo tena baada ya kumaliza. Nilikuwa hapo nyuma ya pazia, kichwa kinapasuka. Nikasema moyoni, akipiga ya nne nitaitika, liwalo na liwe. Hakupiga." Alimtazama. "Unamfahamu?"

Siwema alikiweka kikombe juu ya sahani yake, polepole, kisitoe sauti.

"Ile ya tatu nilikuwa mimi," alisema.

Mwasiti alitazama dirishani muda ambao mtu angeweza kuhesabu ishirini, na tena ishirini. Nje kinu kilikuwa kinanguruma kama siku zote. Siwema hakuomba radhi; aliona radhi ingekuwa ni kumharakisha mwenziwe, akangoja tu, mikono mapajani, kama alivyopaswa kungoja siku ile.

"Bomba halijasuguliwa bado," alisema Mwasiti hatimaye, bado anatazama nje. "Na leo ni Ijumaa."

Siwema aliinuka, akakunja mikono ya baibui hadi juu ya viwiko.

"Brashi iko wapi?"